Tahakiki ya Tafsiri: Maelezo ya Kufunga Geji ya Joto la Ekzosi katika Lori la Dizeli lenye Tabo

Tumeletewa mezani karatasi ya kurasa nne, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, ili tuseme kama lugha yake inafaa kuchapishwa. Karatasi hiyo hufuatana na geji inayomwonyesha dereva wa lori kiasi cha joto la gesi zinazotoka katika injini. Si kazi ya fasihi, wala mfasiri wake hakuidai kuwa hivyo. Hata hivyo tumeonelea vema kuijadili kwa marefu katika kurasa hizi, kwa sababu kila kosa lililomo limetokana na jambo ambalo wafasiri, walimu na maofisa wa serikali hukutana nalo kila siku. Tena kwa sababu msomaji wa tafsiri hii hasomi akiwa kitini. Anasoma akiwa ameinama juu ya injini, keekee mkononi.

Kwanza tueleze kifaa chenyewe, maana istilahi haiwezi kuhukumiwa na mtu asiyejua kitu kinachotajwa. Injini ya dizeli, ambayo jina lake limeingia katika Kiswahili kutokana na Rudolf Diesel aliyefanikiwa kuiendesha mwaka 1897, hupata nguvu zaidi ikisukumiwa hewa nyingi. Kazi hiyo hufanywa na tabo, mtambo uliotokana na wazo ambalo Mswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905. Gesi za moto zinazotoka katika silinda hukusanyika katika bomba nene la chuma cha kusubu, ambalo mafundi huliita manifoldi, kisha hupita katika tabo na kuzungusha gurudumu lake. Gurudumu hilo huzungusha lenzie la upande wa pili, linaloshindilia hewa safi ndani ya injini. Ikiwa dizeli inayoingia ni nyingi kuliko hewa, kwa mfano chujio la hewa limeziba, au pampu ya dizeli imefunguliwa kupita kiasi, au dereva anapanda mlima wa Kitonga na shehena kamili akiwa katika gia kubwa isiyostahili, joto la gesi hizo hupanda upesi. Geji ya maji haitamwambia dereva jambo hilo kwa wakati. Maji huchelewa kupata moto. Pistoni za injini nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, na alumini tupu huyeyuka kwenye digrii 660 za Selsiasi. Ni kweli kwamba oili huipoza pistoni, na gesi huigusa kwa muda mfupi tu katika kila mzunguko, kwa hiyo gesi inaweza kupita digrii hizo kidogo bila madhara. Lakini nafasi iliyopo ni ndogo, na injini ya lori ni mali ya thamani kubwa.

Ili kufunga geji hiyo, fundi hutoboa tundu katika manifoldi, hukata hesi ndani ya tundu, hukaza kijiti cha kupimia, halafu hupitisha waya zake hadi kwenye geji iliyo mbele ya dereva. Maelezo haya yanatosha kwa sasa.

Tuanze na neno lililotushtua kuliko yote. Baada ya kumwagiza fundi atoboe tundu, karatasi inamwambia: “gonga tundu”. Neno la Kiingereza lililokuwa pale lina maana nyingi. Laweza kuwa bilula ya maji. Laweza kuwa kubisha mlango kwa vidole. Na katika ufundi wa vyuma ni kukata hesi ndani ya tundu. Mfasiri aliijua maana ya kwanza akaona haiwezekani, akachukua ya pili, wala hakufika kwenye ya tatu. Tulikwenda na karatasi hiyo katika gereji moja ya malori jijini Dar es Salaam, tukamsomea mzee mmoja fundi sehemu hiyo bila kumweleza shaka yetu. Alinyamaza kidogo, akauliza: “Nigonge kwa nyundo?” Tukamjibu kwamba karatasi haikutaja nyundo. Akasema, “Wanangu, chuma hiki ukikigonga kitakujibu.” Alikuwa na haki. Chuma cha kusubu ni kigumu lakini hakipindi. Kikipigwa hupata ufa, na manifoldi yenye ufa huvujisha gesi za moto, wakati mwingine karibu na mabomba ya dizeli.

La kusikitisha ni kwamba Kiswahili hakikuwa na upungufu wowote hapa. Neno hesi limo katika kamusi zetu tangu zamani, na maseremala na wahunzi wanalitumia. Kukata hesi ni maneno mawili yanayoeleweka kuanzia Tanga hadi Tunduma. Mara nyingi tunasikia kilio kwamba lugha yetu haina istilahi za ufundi, na sisi wenyewe katika ofisi zetu tumekilia kilio hicho tunapoomba fedha za semina. Lakini katika karatasi hii, kati ya makosa saba tuliyoyaona kuwa ya hatari, ni moja tu lililotokana na kukosekana kwa neno. Mengine yote yametokana na mfasiri kutokwenda alipo fundi.

Kosa la pili tumelijadili kwa siku nzima, na bado linatupendeza kulifikiri. Karatasi inasema tundu litobolewe “mbele ya tabo”. Mfasiri ataona kwamba hapa hana lawama, kwani Kiingereza kilitumia neno linaloweza kutafsiriwa hivyo. Lakini mbele ni wapi? Mtu anayeangalia lori lililosimama atasema mbele ni upande wa rejeta. Mtu anayefuata mwendo wa gesi atasema mbele ni kule ziendako, yaani zikishapita tabo. Na mwandishi wa awali alikusudia kule zinakotoka, kabla hazijafika katika tabo. Neno moja limeelekeza pande tatu, na mbili kati yake si sahihi.

Atakayesema tunatia chumvi na amwulize dereva yeyote wa masafa. Dereva aliyetoka Dar es Salaam, akiharibikiwa “mbele ya Morogoro”, amekwisha kuipita Morogoro. Aliyeharibikiwa “kabla ya Morogoro” hajafika. Katika Kiswahili cha barabarani, ambacho ndicho Kiswahili cha msomaji wa karatasi hii, mbele ya kitu ni baada ya kukipita. Kwa hiyo dereva au fundi akiisoma karatasi kwa lugha yake mwenyewe, bila kosa lolote, atatoboa upande usiotakiwa.

Tofauti ya pande hizo si ndogo. Gesi zikipita katika tabo huacha sehemu ya nguvu zake katika gurudumu, na kwa hiyo hupoa. Injini inapovuta mzigo mzito, joto la upande wa kutokea laweza kuwa chini kwa digrii 100 za Selsiasi au zaidi kuliko la upande wa kuingilia, na tofauti hiyo haikai mahali pamoja. Hubadilika kwa kadiri ya mzigo na mwendo. Wako mafundi wanaochagua upande wa kutokea kwa makusudi, wakihofia kwamba kijiti kikikatika kitaingia katika tabo. Hao wanajua wanachofanya, na husoma geji yao kwa hesabu nyingine. Lakini mtu aliyetoboa upande huo kwa kupotoshwa na neno moja, akisubiri sindano ifike pale karatasi iliposema ni hatari, atasubiri hadi pistoni iyeyuke.

Tunapendekeza “kati ya injini na tabo”. Ni maneno matano, hayana umaridadi wowote, na hayawezi kusomwa kwa namna mbili. Walimu wa tafsiri wanaweza kuona kwamba tumeacha kufasiri neno tukafasiri mahali. Ndivyo tulivyokusudia.

Kuhusu vipimo tuna malalamiko mawili. La kwanza ni digrii. Karatasi inaonya kwamba joto lisizidi “digrii 1300”, bila kutaja ni digrii za nani. Geji ilitengenezwa Marekani, ambako hupima kwa Farenhaiti, na 1300 za Farenhaiti ni kama 704 za Selsiasi. Msomaji wetu amefundishwa Selsiasi tangu shule ya msingi. Geji hii ina namba za Farenhaiti usoni, kwa hiyo huenda akaokolewa na sindano. Lakini akija kununua geji nyingine yenye namba za Selsiasi, huku akikumbuka onyo la karatasi ya kwanza, atakuwa anaendesha kuelekea joto ambalo injini yake haitalifikia ikiwa nzima. Herufi moja iliyoachwa kwa sababu ilionekana ya kigeni ndiyo iliyoleta hayo. Kanuni yetu ni kwamba jina la kipimo ni sehemu ya namba, na mfasiri hana ruhusa ya kuvitenganisha.

Malalamiko ya pili ni kinyume chake. Hapo mfasiri alibadilisha pasipotakiwa. Kijiti kina hesi ya bomba ya inchi 1/8. Mfasiri, kwa nia njema ya kumrahisishia msomaji, akaandika “milimeta 3”. Hesabu yake ni sawa, maana inchi 1/8 ni milimeta 3.2 hivi. Lakini inchi 1/8 katika hesi za mabomba si kipimo, ni jina. Bomba linaloitwa hivyo lina kipenyo cha nje cha milimeta 10.3, na tundu la kukatia hesi yake hutobolewa kwa keekee ya karibu milimeta 8.7. Anayetoboa tundu la milimeta 3 hataweza kukiingiza kijiti hata akikiombea dua. Hili ni kosa lisilo na hatari, kwa kuwa tundu dogo huongezwa. Lakini linafundisha kwamba namba nazo zina nahau. Tunashauri jina liachwe kama lilivyo, na ukubwa wa keekee utajwe pembeni kwa milimeta.

Hesi hiyo, zaidi ya hayo, husonga. Kila inapoingia ndani hubana zaidi, na ndiyo sababu haivujishi. Fundi akiikata kwa kina kirefu mno, kijiti kitazama kabla hakijabana. Karatasi ilisema tu “hesi maalumu”. Neno maalumu limekuwa chaka la wafasiri. Kila tusipojua sifa ya kitu tunakiita maalumu, na msomaji anabaki na heshima kwa kitu hicho bila kukijua. “Hesi inayosonga” ingemwambia fundi jambo.

Sasa tuje kwenye jina la kijiti chenyewe, ambalo ndilo pengo la kweli. Mfasiri amekiita “uchunguzi”: “kaza uchunguzi kwa mkono, kisha kwa spana”. Tunajua lilikotoka. Ndilo neno ambalo magazeti hulitumia pale tume inapoundwa kuchunguza upotevu wa fedha, na kamusi nyingi za lugha mbili huliweka kwanza. Tulicheka, tukaona haya, kwa sababu tulipoulizana neno sahihi ni lipi hatukuwa na jibu moja. Mafundi husema sensa. Neno hilo limeenea na lina sauti za Kiswahili, lakini tayari tunalo kwa maana ya kuhesabu watu, kama tulivyohesabiwa mwaka 2022; na ingawa muktadha hutenganisha, hatupendi kulitwisha zaidi. Baadhi yetu walitaka kichokoo, kile kijiti chenye ncha cha kuchokolea, kwa kuwa umbo lake ni lilo hilo. Wengine wakajibu kwamba kichokoo huchokoa, na hiki hukaa kimya katikati ya moto kikisikiliza. Kihisi lina nguvu kwa sababu hufuata kanuni ya kuunda nomino za vifaa kutokana na vitenzi, na tayari linatumika kwa vifaa vya jamii hii. Katika masahihisho tumeandika “kihisi cha joto”, tukijua kwamba linataja kazi wala halitaji umbo.

Namna ya kihisi hicho ni jambo jingine. Ndani yake mna nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikipata joto, umeme mdogo sana huzaliwa kati yake, kama alivyogundua Thomas Seebeck mwaka 1821. Kwa hiki tumekubali themokapo, neno la kukopa, bila ubishi mrefu. Si kila kitu kinastahili kutafutiwa jina katika Kibantu.

Hapo hapo penye nyaya ndipo palipo na kosa ambalo mfasiri alilitetea mbele yetu kwa unyoofu, nasi tunamheshimu kwa hilo. Karatasi ya Kiingereza ilielekeza waya mwekundu ufungwe upande wa hasi. Mfasiri, akikumbuka betri ya gari, ambamo wekundu ni chanya, aliona ni kosa la mpiga chapa, akalisahihisha. “Nilidhani ninamsaidia msomaji, ndugu zangu,” alituambia. Lakini katika utaratibu wa rangi wa Kimarekani wa themokapo za aina hii, waya wa manjano ni chanya na mwekundu ni hasi. Nchi nyingine zina rangi zao. Waya zikipinduliwa, sindano hurudi nyuma kadiri joto linavyopanda, na dereva huambiwa kwamba mambo ni shwari wakati ule ule yanapoharibika. Mfasiri akihisi kwamba matini ya awali ina kosa, wajibu wake ni kuuliza. Akikosa wa kumwuliza, afasiri kama ilivyo na atie alama pembeni.

Maneno mengine tuyapitie kwa haraka. “Joto la uchovu”, lililotumika mara mbili katika ukurasa wa kwanza, halihitaji maelezo, ekzosi haichoki. “Takataka” kwa unga wa chuma unaobaki baada ya kutoboa ni neno dhaifu mno, kwa sababu takataka hufutwa kwa kitambaa, ilhali unga huu ukiachwa ndani utabebwa na gesi hadi katika gurudumu la tabo, ambalo katika tabo nyingi huzunguka mara 100,000 kwa dakika au hata zaidi. Fundi anapaswa kupaka grisi katika keekee ili unga unase, autafute kwa sumaku, na kama anaweza aifungue manifoldi kabisa aitobolee mezani. Gurudumu hilo limeitwa “feni”, neno ambalo kwa dereva huleta picha ya kupoza, kama feni ya rejeta, nayo ni picha ya kinyume. Tumeandika gurudumu la tabo.

Kati ya “moshi” na “gesi” tulikuwa na mgawanyiko. Bomba la moshi ni jina la watu wote, na hatutaki kulifuta. Ila ukurasa wa nne unamwambia dereva atazame kama “moshi umekuwa mweusi”, na ukurasa wa pili unamwambia apime “moshi” ambao kwa kawaida hauonekani. Katika matini moja tumeona ni salama moshi uwe ule unaoonekana, na kile kinachopimwa kiitwe gesi ya ekzosi. Vivyo hivyo kwa jotoridi na joto. Mwenzetu mmoja aliyewahi kufundisha fizikia alishikilia kwamba joto na jotoridi si kitu kimoja, na kwamba tukilegea hapa tutakuwa tumewaangusha walimu. Anasema kweli. Lakini geji hii inakwenda gereji, si maabara, na kichwa cha habari tumekiacha na joto. Yeye hakukubali, na tumeandika hapa kwamba hakukubali.

Tusiache kutaja palipo pazuri. Karatasi inamwagiza dereva, akisimama baada ya kupanda mlima, asizime injini papo hapo, bali aiache iungurume bila kukanyaga mafuta hadi joto lishuke chini ya digrii 300 za Farenhaiti, yaani kama 150 za Selsiasi, ili oili isiungulie katika beringi za tabo. Mfasiri hakuandika maneno hayo yote. Aliandika: “mwache gari apumue kwanza”. Sarufi sanifu ingedai “liache gari lipumue”, na mmoja wetu alikwisha kuchukua kalamu nyekundu. Tukamzuia. Madereva hulitaja gari kama kiumbe, na amri hii itashikwa na kila utingo aliyewahi kukaa kando ya lori lenye moto akingoja. Mtu aliyeweza kuandika hivyo alikijua Kiswahili cha barabarani. Tunashangaa kwa nini alikiweka kando katika kurasa tatu za mwanzo, akarudi kwenye kamusi.

Tumeirudisha karatasi kwa mwenyewe ikiwa na masahihisho, na tumemwomba aipeleke gereji kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa, amsomee fundi kwa sauti, na aangalie mikono ya fundi inakwenda wapi anapofika kwenye “kati ya injini na tabo”. Juu ya kihisi tunapokea maoni ya wasomaji, hasa ya walimu wa vyuo vya ufundi. Yule mzee fundi, tulipomwuliza yeye angekiitaje, alikigeuza geuza mkononi akasema kwamba gereji kwake wanakiita ulimi.